Kubonyeza mkono koo likiuma: nafuu ya usiku, si tiba ya ugonjwa

Ni saa tatu usiku na mtoto wa miaka minane hataki kula. Ugali umepoa kwenye sahani, maji anayameza kwa kukunja uso, na kila akimeza mate mkono unakwenda shingoni. Mwili una joto. Zahanati imeshafungwa, na hospitali iko mbali kiasi cha kumfanya mzazi ajiulize kama koo tu linastahili nauli ya bodaboda usiku huo. Katika nyumba nyingi za Tanzania na Kenya, hapo ndipo ushauri unapomiminika. Jirani anataka kijana atumwe duka la dawa akanunue vidonge vya rangi mbili, hata vinne tu vya kuanzia. Bibi anamwambia mtoto apanue mdomo, anamulika kwa tochi ya simu, kisha anatoa hukumu kwamba kimeo kimeshuka na kinafaa kukatwa. Na siku hizi yupo wa tatu, shangazi au binamu, anayenyoosha simu yenye picha ya mkono uliotiwa alama nyekundu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada: bonyeza hapa dakika chache, koo litatulia.

Ushauri huo wa tatu ndio unaojadiliwa hapa. Unaitwa akupresha, yaani kubonyeza kwa kidole sehemu maalumu za mwili, na umeenea kwa sababu haugharimu chochote na kila mtu ana kidole gumba. Wapo wanaouita upuuzi mtupu, na wapo wanaoutangaza kuwa tiba kamili ya mafindofindo. Pande zote mbili zinakosea, na kosa la upande wa pili linaweza kumgharimu mtoto moyo wake. Kubonyeza mkono ni kitulizo kinachostahili kuruhusiwa nyumbani, hasa kwa sababu ya mambo mabaya zaidi kinayoweza kuyazuia usiku ule. Lakini ruhusa hiyo ina mwisho, na mwisho wenyewe unajulikana kwa siku.

Njia ya mapafu inayoishia kwenye gumba

Asili ya akupresha ni China. Mwaka 1973, wanaakiolojia waliofukua kaburi huko Mawangdui, katika mji wa Changsha, walikuta maandishi ya tiba yaliyoandikwa kwenye hariri. Kaburi hilo lilifungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, na maandishi yake yanaeleza njia 11 zinazopita mwilini, bila kutaja nukta za kubonyeza wala za kuchoma sindano. Nukta zilikuja kupangwa katika maandiko mengine, na kitabu cha Huangdi Neijing kikawa msingi wa elimu ya matabibu wa Kichina hadi leo. Kwa elimu hiyo, nguvu ya uhai iitwayo qi huzunguka katika njia kuu 12. Njia ya mapafu inaanzia kifuani na kuishia pembeni mwa ukucha wa kidole gumba. Njia ya utumbo mpana inaanzia kwenye kidole cha shahada, inapanda mkono, inapita shingoni na kufika puani. Ndiyo maana mwenye koo bovu anabonyezwa mkono. Daktari mpasuaji akifungua mkono huohuo hazioni njia hizo. Anaona misuli, kano, neva na mishipa ya damu. Kwa hiyo ramani ya Wachina inaweza kutuonyesha pa kuweka kidole, lakini haituthibitishii kinachotokea ndani.

Elimu hii si ngeni kabisa kwetu. Madaktari kutoka China walianza kufanya kazi Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968, na miaka ya 1990 kliniki binafsi za Kichina zikafunguliwa Dar es Salaam. Mwambao nao ulikuwa na wajuzi wake wa kuchua, kukanda na kupiga chuku muda mrefu kabla ya hapo. Mtu aliyezoea kuchuliwa mguu uliotenguka haoni ajabu kubonyezwa kiganja. Tofauti ni kwamba akupancha, yaani kuchoma sindano kwenye nukta hizo, inahitaji aliyesomea, ilhali kidole hakihitaji cheti, na hapo ndipo urahisi na hatari ya akupresha vinapokutana.

Nukta inayotajwa zaidi kwa koo ni Hegu. Kuipata, bana kidole gumba kwenye kidole cha shahada hadi nyama iliyo kati yake itune. Palipotuna zaidi ndipo penyewe. Legeza mkono, weka gumba la mkono wa pili hapo juu na kidole cha shahada upande wa kiganja, kisha bonyeza ukielekeza nguvu kwenye mfupa wa kidole cha shahada badala ya kufinya ngozi ya katikati. Ukipapatia, utasikia maumivu mazito yasiyochoma, yanayosambaa kiganjani. Shikilia dakika mbili au tatu huku mgonjwa akipumua polepole, halafu hamia mkono wa pili. Nukta ya Shaoshang iko kwenye kona ya ukucha wa gumba, upande unaotazama mbali na vidole vingine, milimita chache kutoka ukuchani, na hubonyezwa kwa ncha ya kidole. Chize iko kwenye mkunjo wa kiwiko, upande wa gumba wa ile kano inayojitokeza mkono ukikunjwa. Zhaohai iko mguuni, kwenye kishimo kilicho chini ya kifundo cha ndani. Matabibu wa Kichina huitoboa Shaoshang ili itoe matone ya damu koo linapouma sana. Hilo lisijaribiwe nyumbani kabisa, kwa pini wala kwa wembe.

Uzuri wa nukta hizo zote nne ni kwamba ziko mbali na koo. Ipo nyingine, Tiantu, iliyo kwenye kishimo cha juu ya mfupa wa kifua, ambayo video nyingi za simu huionyesha kwa furaha. Chini yake kuna bomba la hewa, na asiyefundishwa hana sababu ya kupeleka kidole hapo, sembuse kwa mtoto anayepumua kwa shida. Vilevile pande za shingo zisiminywe. Kwenye mishipa mikubwa ya damu ya shingoni kuna sehemu inayopima shinikizo la damu. Ikibanwa, mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla na mtu akazirai, na kwa mzee ambaye mishipa yake imejaa utando wa mafuta hatari inakuwa kubwa zaidi.

Ushahidi una uzito gani?

Watetezi wa akupresha hupenda kutaja Shirika la Afya Duniani. Ni kweli kwamba ripoti ya shirika hilo ya mwaka 2003 kuhusu akupancha iliorodhesha koo linalouma, pamoja na mafindofindo, lakini haikuliweka katika kundi la kwanza. Ililiweka katika kundi la matatizo ambayo nafuu ilionekana na bado ushahidi zaidi ulihitajika. Tena ripoti ilizungumzia sindano, si kidole, na wataalamu wengi waliikosoa kwa kukubali majaribio dhaifu. Miaka sita baadaye, mwaka 2009, watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio la watu wazima wenye koo linalouma na mafindofindo makali. Nusu walichomwa sindano ya kweli mkononi, nusu wakaelekezewa mwanga wa leza ambayo haikufanya kazi. Maumivu yalipungua katika makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikutosha kusema kwamba sindano ilikuwa bora kuliko maigizo. Huo si ushahidi wa kujengea tiba.

Hata hivyo, kutoka hapo kwenda kusema kwamba kubonyeza hakufanyi lolote ni kuruka. Nukta iliyo ndani ya kifundo cha mkono, iitwayo Neiguan, imepimwa sana dhidi ya kichefuchefu cha baada ya upasuaji. Uchambuzi wa mtandao wa watafiti wa Cochrane wa mwaka 2015 ulikusanya majaribio 59 yenye wagonjwa 7,667 na ukakuta kwamba kuisisimua nukta hiyo, iwe kwa sindano, umeme au kwa kubonyeza, kulipunguza kichefuchefu na kutapika kuliko maigizo. Kwa hiyo kidole kwenye ngozi kinaweza kuubadilisha mwili, angalau kwa jambo hilo moja. Kuhusu maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza mwaka 1965 kwamba uti wa mgongo una namna ya kuzuia au kupitisha ishara za maumivu, na kwamba mguso unaweza kuzipunguza njiani. Ni kwa sababu hiyo mtu aliyejigonga goti hulisugua bila kufundishwa na yeyote.

Jaribio linaloeleza zaidi, kwa maoni ya mwandishi huyu, halihusu koo kabisa. Mwaka 2007 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 1,162 wenye maumivu sugu ya kiuno. Kati ya waliochomwa sindano kwenye nukta za Kichina, asilimia 47.6 walipata nafuu. Kati ya waliochomwa juujuu mahali pasipo na nukta, asilimia 44.2 walipata nafuu. Kati ya waliopewa dawa na mazoezi ya kawaida, ni asilimia 27.4 tu. Somo lake lina pande mbili, na zote zinauma. Kwa muumini wa ramani ya Kichina, karibu kila mahali palifaa sawa na nukta. Kwa anayeidharau, waliohudumiwa kwa mikono, wakalazwa, wakaguswa na kusikilizwa walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa vidonge na mazoezi. Mzazi anayeketi kitandani na kuushika mkono wa mtoto dakika kumi anafanya jambo lenye nguvu yake, hata kama gumba lake limekosea Hegu kwa sentimita nzima.

> Mzazi anayeketi kitandani na kuushika mkono wa mtoto dakika kumi anafanya jambo lenye nguvu yake.

Linabaki swali la ushuhuda. Kila mtaa una mtu atakayeapa kwamba alibonyeza na koo likapona. Anasema kweli, lakini angepona hata bila kubonyeza. Uchambuzi wa Cochrane uliohusu antibiotiki na koo ulionyesha kwamba katika siku ya tatu watu wapatao 40 kati ya 100 huwa hawana tena maumivu ya koo hata wasipopewa antibiotiki, na baada ya wiki moja 82 kati ya 100 huwa wamepona. Chochote utakachokifanya siku ya pili, iwe kubonyeza, kusukutua maji ya chumvi au kulala, kitasifiwa siku ya tano. Hili linapaswa kumtia adabu kila anayetangaza tiba ya koo, akiwamo muuza vidonge.

Vidonge vinne na kisu cha kimeo

Pingamizi la kwanza linatoka kwa madaktari, nalo ni la haki: kwa nini kuruhusu jambo ambalo halijathibitishwa? Jibu lake linategemea kinachofanyika badala yake. Mgonjwa wa koo haachwi bila kufanyiwa chochote. Lazima mtu afanye kitu, na katika nyumba zetu kitu hicho mara nyingi ni antibiotiki ya kununua kwa idadi ya shilingi zilizopo. Vidonge vinne vya amoksisilini havitibu virusi, na virusi ndivyo chanzo cha koo nyingi zinazouma. Kama chanzo ni bakteria, vinne havitoshi. Cochrane ilihesabu kwamba hata antibiotiki kamili inapunguza muda wa maumivu kwa wastani wa saa 16 tu. Na gharama ya kuzitumia ovyo inajulikana: mwaka 2019 pekee, usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulikadiriwa kusababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyokuwa na kiwango cha juu zaidi. Usiku mmoja wa kubonyeza mkono, pamoja na parasetamoli kwa kipimo cha umri, maji ya uvuguvugu na asali kwa aliyevuka mwaka mmoja, ni bora kwa mbali kuliko hivyo vidonge vinne.

Jambo la pili linalofanyika badala yake ni baya zaidi, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Hushirikiana na kaakaa laini kuzuia chakula kisipande puani, hutoa mate ya kulainisha koo, na husaidia matamshi. Koo likishambuliwa, kimeo nacho huvimba, kinaonekana kirefu, kinagusa ulimi na kuleta kichefuchefu na kikohozi. Mwenye kukitazama kwa tochi anakiona kirefu na kuamua kwamba ndicho mkosaji. Basi mtoto anapelekwa kwa mkataji, anashikwa kichwa, ulimi unakandamizwa, na kinyama kinakatwa kwa kisu kilichopindwa ncha, bila ganzi, kwa chombo ambacho huenda kimepita vinywani mwa wengine asubuhi hiyo. Hospitali za Tanzania na nchi jirani zimepokea watoto waliotoka damu kupita kiasi, waliopata maambukizi shingoni, waliopata pepopunda, na waliofia mikononi mwa wauguzi. Ugonjwa uliowapeleka kwa mkataji ungeweza kuisha wenyewe ndani ya wiki moja.

Hapo ndipo thamani ya kidole gumba inapoonekana. Bibi anayetaka kimeo kikatwe hasukumwi na ubaya. Anasukumwa na huruma kwa mjukuu anayelia akimeza mate, na ukimwambia tu "acha" umemwondolea njia ya kusaidia bila kumpa nyingine. Mpe kazi ya kubonyeza Hegu mkono wa kulia kisha wa kushoto, asubuhi na jioni, naye atakuwa amemhudumia mjukuu wake bila kumwaga tone la damu. Wataalamu wa afya ya jamii wanaopiga vita kukata kimeo kwa mabango na makemeo wangefanya vizuri kulifikiria hilo.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili, kwa watetezi wa tiba asilia na za mashariki. Wao husema elimu iliyodumu zaidi ya miaka 2,000 haihitaji kuhukumiwa na maabara. Umri wa desturi hautoshi kuwa ushahidi. Ulaya iliwatoa wagonjwa damu kwa karne nyingi, na kukata kimeo nako ni desturi ya kale. Kinachokera zaidi ni madai yanayosambazwa kwa simu kwamba nukta fulani "inaua bakteria" au "inatoa sumu kwenye tezi". Hakuna mbonyezo unaoua bakteria. Anayeandika hivyo anamwambia mzazi kwamba kazi imekwisha, wakati kwa baadhi ya watoto kazi ndiyo kwanza inaanza.

Siku tisa za kuuokoa moyo

Pingamizi la tatu ndilo zito kuliko yote: kubonyeza kunaweza kumchelewesha mgonjwa. Katika kila watoto kumi wanaoumwa koo, wawili au watatu huwa na bakteria aitwaye streptokoka wa kundi A. Kwa watu wazima ni kati ya 5 na 15 kwa kila mia. Wengi wao nao hupona koo lenyewe. Tatizo huja baadaye. Wiki mbili hadi nne koo likiwa limeshasahauliwa, kinga ya mwili iliyokuwa ikipambana na bakteria inaweza kuugeukia mwili wenyewe na kuleta homa ya rumatiki: magoti na viwiko kuvimba kwa zamu, homa, na moyo kushambuliwa. Mashambulizi yakirudiwa, milango ya moyo hukakamaa au kuvuja. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 55 wanaishi na ugonjwa huo wa moyo na kwamba huua watu wapatao 360,000 kwa mwaka, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliupitishia azimio mahsusi mwaka 2018.

Ukubwa wake unaonekana hapa jirani. Nchini Uganda, watafiti waliwapima moyo kwa ultrasaundi watoto na vijana 102,200 wa umri wa miaka 5 hadi 17 wakitafuta ugonjwa huu kabla haujaonyesha dalili. Kati ya waliokutwa nao, 818 waliingizwa katika jaribio, nusu wakichomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: waliozidiwa katika kundi la sindano walikuwa asilimia 0.8, na katika kundi lisilochomwa asilimia 8.2. Mamia ya watoto wanaotembea, wanaocheza mpira na kwenda shule, tayari walikuwa na milango ya moyo iliyoanza kuharibika, na huenda kwa wengi wao mwanzo ulikuwa koo ambalo hakuna aliyelijali.

Ukisoma takwimu hizo utadhani jibu ni kupiga marufuku kila kitulizo cha nyumbani. Lakini ipo habari njema ambayo haisemwi vya kutosha. Tafiti zilizofanywa miaka ya 1950 kwa wanajeshi wa Marekani zilionyesha kwamba penisilini ikianza hata siku ya tisa tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa ya rumatiki. Tena streptokoka huyu hajawahi kupata usugu dhidi ya penisilini, dawa ambayo imemshambulia kwa zaidi ya miaka 80. Costa Rica iliutumia ukweli huo katika miaka ya 1970 kwa kuwachoma wenye dalili sindano moja ya benzathini penisilini bila kungoja majibu ya maabara, na homa ya rumatiki ikashuka sana nchini humo. Maana yake kwa mzazi wa usiku ule wa saa tatu ni hii: kungoja mpaka asubuhi hakumfungii mtoto mlango. Kungoja wiki mbili kwa kuwa "anabonyezwa" ndiko kunakofunga.

> Kungoja mpaka asubuhi hakumfungii mtoto mlango. Kungoja wiki mbili kwa kuwa "anabonyezwa" ndiko kunakofunga.

Swali linalofuata ni nani aende haraka na nani anaweza kutulia nyumbani, maana si haki kumwambia kila mwenye mafua apange foleni. Mwaka 1981 daktari wa Marekani Robert Centor alipendekeza dalili nne zinazoashiria streptokoka: homa, usaha au utando mweupe kwenye mafindofindo, tezi zinazouma mbele ya shingo, na kutokuwapo kwa kikohozi. Hiyo ya nne ndiyo inayowasaidia zaidi watu wa nyumbani. Mtoto anayechuruzika kamasi, anayekohoa na kupiga chafya, mwenye sauti iliyokauka, kwa kawaida ana virusi. Huyo abonyezwe, anyweshwe, alazwe. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 mwenye koo kali na homa, asiye na kikohozi wala mafua, afikishwe zahanati asubuhi inayofuata hata kama usiku alilala vizuri baada ya kubonyezwa. Dalili hizi hazikosi kukosea, na zahanati nyingi hazina kipimo cha haraka cha koo, kwa hiyo mhudumu ataamua kwa macho na mikono yake. Lakini ataamua ndani ya siku tisa. Mtu mzima ambaye koo halionyeshi kupungua baada ya siku tatu au nne naye aende.

Wasiofaa kusubiri, na wasiofaa kubonyezwa

Kuna koo ambazo hazina ruhusa hata ya saa moja. Mtoto anayedondosha udenda kwa kushindwa kumeza mate, anayekaa akiinama mbele ili avute hewa, anayetoa mlio akivuta pumzi, asiyeweza kufungua kinywa, au mwenye uvimbe wa upande mmoja unaosukuma kimeo pembeni, aende hospitali usiku huohuo, na bodaboda ilipwe kwa mkopo kama ni lazima. Utando wa kijivu ulioganda kooni, hasa kwa mtoto ambaye hakukamilisha chanjo, unaweza kuwa dondakoo, ugonjwa unaoziba njia ya hewa na kuharibu moyo. Shingo iliyokakamaa pamoja na homa na kichwa kuuma si koo tena. Kwa hao wote akupresha haina nafasi, na dakika zinazotumika kutafuta nukta zinapotea bure.

Kwa upande wa kubonyeza kwenyewe, matabibu wa Kichina humkataza mjamzito nukta ya Hegu kwa kuhofia kuamsha uchungu. Ushahidi wa madhara hayo ni hafifu, lakini kuacha hakumpunguzii mama chochote. Anaweza kubonyezwa Chize, au akashikwa tu mkono. Ngozi yenye jeraha, jipu au uvimbe isibonyezwe, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda abonyezwe kwa wepesi. Mtoto mdogo hubonyezwa kwa nguvu ya kugusa tu, na akikataa aachwe. Kulazimisha kunaondoa utulivu ambao ndio faida kubwa ya zoezi lenyewe. Watoto wasipewe aspirini kwa homa ya koo, kwa kuwa inaweza kuwaletea ugonjwa adimu unaoharibu ini na ubongo.

Wizara za afya za Afrika Mashariki zina kazi hapa, na haihitaji fedha nyingi. Muuzaji wa duka la dawa ndiye anayekutana na mzazi wa usiku kabla ya daktari. Afundishwe maswali matatu ya kumuuliza: mtoto ana umri gani, anakohoa, na koo lina siku ngapi. Afundishwe pia kumwelekeza zahanati badala ya kumpimia vidonge vinne. Benzathini penisilini iwepo kwenye zahanati za vijijini, maana kumhimiza mzazi atembee kilomita kumi kufuata dawa iliyokwisha ni kumfundisha asirudi tena.

Na wewe mzazi unayesoma, usiku ukifika na koo la mtoto likiuma, mbonyeze mkono kwa upole, mpe maji na parasetamoli, kataa kisu cha kimeo hata kama anayekipendekeza unamheshimu. Kisha andika kwenye kalenda siku ambayo koo lilianza kuuma. Mhudumu wa zahanati atakuuliza, na jibu lako ndilo litakalomwambia zimebaki siku ngapi kati ya zile tisa.